Barua za kukataliwa viza na kuondolewa Uingereza: nani ana rufaa, siku ngapi, na wakili wa kuaminika anapatikana wapi?

mkalimani_leicester

Habari za leo wakuu. Najitolea kutafsiri kwenye kituo cha jumuiya yetu hapa Leicester. Wiki hii zimeletwa barua tatu za Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza), na kila mwenye barua anauliza nini kifanyike. Majina na namba zao nimeziacha.

Ya kwanza: mume yuko Dar, mke yuko hapa na ana makazi ya kudumu. Viza ya mwenza imekataliwa. Barua ina tarehe 5 Machi, mume ameipokea kwa barua pepe 10 Machi. Sababu: mke ana kazi mbili, jumla £30,200 kwa mwaka, ila kwa kazi ya pili waliambatisha hati za mshahara za miezi 6 na taarifa ya benki ya miezi 5 tu.

Ya pili: mama mzazi, yuko Tanga, viza ya matembezi. Amekataliwa kwa sababu ya TSh milioni 8 zilizoingia kwenye akaunti siku 12 kabla ya kuomba.

Ya tatu: kijana aliyenyimwa hifadhi ya ukimbizi, rufaa zake zikaisha 2021, anaripoti Home Office kila wiki mbili. Safari hii amepewa karatasi yenye alama RED.0001.

Nani kati yao ana rufaa? Msaada wa kisheria wa serikali bado upo? Na mimi mpaka wangu uko wapi? Mwenye barua ya kwanza anataka nimjazie fomu leo leo, na kuna bwana mtaani anadai £900 taslimu "amalize kila kitu".

---

karani_wa_rufaa

Mkuu, kabla ya kusoma sababu za kukataliwa, fungua ukurasa wa mwisho. Hapo barua inasema yenyewe ni njia ipi iliyobaki: rufaa, mapitio ya kiutawala (Home Office yenyewe kuangalia kama afisa wake alikosea), au hakuna. Watu humaliza wiki nzima wakibishana na aya za sababu huku siku zinakwenda.

Barua ya kwanza ina rufaa. Ombi la viza ya mwenza au ya mtoto huchukuliwa kuwa dai la haki ya maisha ya familia, na dai hilo likikataliwa mtu anaweza kwenda First-tier Tribunal, yaani mahakama inayosikiliza rufaa hizi, kitengo cha uhamiaji na hifadhi. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28 tangu alipoipokea barua. Aliye ndani ana siku 14 tangu barua ilipotumwa. Ushike huo utofauti, maana mmoja anahesabu kupokea na mwenzake anahesabu kutumwa. Kwa mume wa Dar hesabu inaanzia 10 Machi, hivyo siku ya 28 ni 7 Aprili. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Ile barua pepe asiifute. Ndiyo ushahidi wake wa tarehe.

Ada ni £80 kama anataka kesi iamuliwe kwa makaratasi tu, £140 kama anataka isikilizwe. Achague isikilizwe. Hakimu akiwa na swali dogo kuhusu kazi ya pili ya mke, mke atalijibu pale pale. Kwenye kesi ya makaratasi swali hilo linabaki bila jibu, na linaamuliwa hivyo hivyo.

Sasa sababu yenyewe. Kiwango cha kipato tangu 11 Aprili 2024 ni £29,000, na £30,200 inakivuka. Tatizo ni ushahidi. Kwa kazi ambayo mtu ameifanya miezi 6 au zaidi wanataka hati za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri, na yote hayo kwa kila kazi peke yake. Kaeni na karatasi mezani. Chukueni hati ya mshahara ya mwezi mmoja, someni kiasi kilichobaki baada ya makato, kisha mtafute kiasi hicho hicho kwenye taarifa ya benki, mpaka peni. Mkikiona, wekeni alama kwa kalamu kwenye karatasi zote mbili. Mwezi unaofuata vivyo hivyo. Mwezi utakaokosa mwenzake ndio ulioangusha ombi. Angalieni pia tarehe ya kuanza kazi ya pili: kama haikuwa imefika miezi 6 siku ya kuomba, kazi hiyo haihesabiwi kwa utaratibu wa miezi 6, inabidi kuonyesha kipato cha miezi 12. Hilo ni kosa jingine kabisa, na ukurasa mmoja wa benki hauliponyi.

Rufaa au ombi jipya? Kwenye rufaa ya aina hii hakimu anaangalia hali ilivyo siku anayosikiliza, kwa hiyo ukurasa uliokosekana unaweza kuingizwa. Tena kabla ya kesi kusikilizwa Home Office huupitia upya uamuzi wake, na ushahidi ukiwa umekamilika inaweza kuuondoa yenyewe. Ubaya wa rufaa ni kusubiri, na kusubiri kunahesabiwa kwa miezi. Ombi jipya linakuja na ada nzima upya, maana ada ya viza hairudishwi (tozo ya afya hurudishwa). Hati za kipato lazima ziwe za karibuni, zisizozidi siku 28 kabla ya siku ya kuomba. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu kinadumu miezi 6 tu, kwa hiyo kile cha kwanza huenda kimeshaisha.

Maoni yangu: kosa likiwa kweli ni ukurasa mmoja, rufaa iwekwe ndani ya muda, halafu ndipo wakae na mshauri kupima kama ombi jipya litafika haraka zaidi. Ukishapitisha 7 Aprili unabaki kumwomba hakimu akuongezee muda, kwa sababu za maandishi na ushahidi wa kilichokuchelewesha, na "sikujua" ni sababu dhaifu sana.

Barua ya pili haina rufaa. Viza ya matembezi haina mapitio ya kiutawala pia. Kinachobaki kisheria ni mapitio ya mahakama, ndani ya miezi 3, na hayo ni ya kupinga kosa la kisheria katika uamuzi. Mahakama haiulizwi kama mama ni mtu mwema. Gharama yake ni kubwa mno kwa safari ya wiki tatu. Kwa wengi njia ni kuomba upya baada ya kujibu sababu waliyopewa. Hizo milioni 8 zilitoka wapi? Kama aliuza kiwanja, iambatishwe hati ya mauzo, na tarehe yake ilingane na tarehe ya kuingia benki. Kama ni mtoto wake aliyetuma, iandikwe hivyo waziwazi, na iambatishwe taarifa ya benki ya mtoto inayoonyesha pesa zikitoka. Afisa hakatai kwa sababu pesa ni nyingi. Anakataa kwa sababu haoni zilikotoka, na anahofu zimewekwa kwa muda tu.

Na hili naomba mlisimamie kwa nguvu: kwenye ombi jipya fomu itauliza kama amewahi kukataliwa viza. Jibu ni ndiyo, pamoja na tarehe. Kuna watu wanaowashauri wazazi wetu waandike hapana "ili asianze vibaya". Kumbukumbu ziko kwenye kompyuta yao. Uongo huo ukihesabiwa kuwa udanganyifu, mama anaweza kufungiwa miaka 10.

Kwa wasomaji wengine: mapitio ya kiutawala ni ya viza za masomo na kazi. Ada £80, siku 28 ukiwa nje, 14 ukiwa ndani, 7 ukiwa kizuizini. Hapo unaonyesha kosa la afisa katika kile ulichompa. Karatasi mpya kwa kawaida haziangaliwi.

---

binti_pwani

Nianze na mpaka wako, ndugu mkalimani, maana ndio unaonitia wasiwasi. Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999 inakataza mtu asiyesajiliwa kutoa ushauri wa uhamiaji katika shughuli yoyote, hata ile isiyo ya faida. Kituo cha jumuiya kimo. Ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 2. Kwa hiyo unaweza kumsomea barua neno kwa neno, kumtafsiria anapoongea na wakili, kumpigia simu, kumsindikiza, kupiga nakala. Kumwambia "wewe kata rufaa, usiombe upya", au kumtungia maelezo ya kuandika kwenye fomu, hapo umeshavuka. Kituo chenu kikitaka kuvuka kihalali, kiombe usajili. Taasisi zisizotoza pesa husajiliwa bila ada, ila mshauri lazima apimwe uwezo.

Msajili ni Immigration Advice Authority (IAA), jina jipya la OISC tangu Januari 2025. Washauri wake wako ngazi tatu, na hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua. Ngazi ya 1 ni maombi ya kawaida yaliyo ndani ya kanuni. Aliyepitiliza viza, au mwenye kesi ya hifadhi, anahitaji ngazi ya 2. Kusimama mbele ya hakimu wa rufaa ni ngazi ya 3. Mshauri wa ngazi ya 1 anaweza kuwa na cheti halali kabisa ukutani na bado asiruhusiwe kugusa rufaa ya mume wa Dar. Mawakili wao husajiliwa kwingine, kwenye daftari la Solicitors Regulation Authority, ambalo mtu yeyote anaweza kulitafuta mtandaoni.

Huyo bwana wa £900 mwulizeni mambo matatu: namba ya usajili, ngazi, na barua ya makubaliano inayotaja kazi atakayofanya na bei yake. Namba za washauri wa IAA huanza na F kwa wanaotoza pesa na N kwa wasiotoza. Msiishie kwenye kadi yake. Litafuteni jina lake kwenye daftari wenyewe, kisha mpige simu kwa namba ya ofisi iliyo kwenye daftari na mwulize kama anafanya kazi hapo, kwa sababu vishoka hutumia namba za watu wa kweli. Dalili nyingine: hataki kutoa risiti, anajaza fomu kwa jina la mwombaji kana kwamba hakuna aliyemsaidia, anaweka barua pepe yake mwenyewe mahali pa barua pepe ya mteja. Hiyo ya mwisho ni hatari kuliko zote. Uamuzi unatua kwake, siku zinaanza kuhesabiwa, mteja hana habari.

Msaada wa kisheria wa serikali upo, lakini tangu Aprili 2013 umebanwa sana England na Wales. Umebaki kwa kesi za hifadhi, walioko kizuizini, waliosafirishwa kwa unyonyaji, na waliopigwa au kuteswa na wenza wao. Scotland bado unafika kwenye kesi za kawaida za uhamiaji. Kijana wa barua ya tatu kesi yake ni ya hifadhi, kwa hiyo yumo. Kama anaishi kwa posho ya waomba hifadhi hapimwi hata kipato. Shida yake itakuwa kumpata wakili mwenye nafasi, maana ofisi nyingi zimejaa. Apige ofisi nyingi, na aandike tarehe na jina la kila ofisi iliyomkataa.

Wakili wa msaada wa kisheria akimwambia hawezi kumchukulia rufaa kwa sababu kesi haina nguvu, aombe fomu ya CW4. Ni haki yake kupewa. Kwa fomu hiyo Legal Aid Agency, wakala wa serikali wa msaada wa kisheria, inaupitia uamuzi wa wakili. Mtu anaondoka mikono mitupu kwa kuwa hakujua kuna kitu cha kuomba.

Familia ya kwanza haimo kwenye orodha ile, lakini kuna mlango wa dharura uitwao Exceptional Case Funding, fomu ya CIV ECF1, kwa kesi ambayo bila wakili haki za binadamu za mtu zitavunjwa. Kikomo cha kipato ghafi ni £2,657 kwa mwezi. £30,200 kwa mwaka ni kama £2,516 kwa mwezi, kwa hiyo mke hajakizidi kikomo hicho cha kwanza, kisha wataangalia kinachobaki baada ya kodi ya nyumba na mengine. Kwa kesi ya ukurasa mmoja uliokosekana sitegemei wakubali. Kwa familia yenye mtoto mgonjwa au makaratasi mengi magumu, inafaa kuomba.

---

mkalimani_leicester

Asanteni sana, mmenifungua macho. Leo nimewaambia wenye barua ya kwanza na ya pili nitabaki kwenye kutafsiri tu. Huyu kijana sasa. Siku yake ya kuripoti ni Alhamisi, na wenzake wanamwambia asiende, atakamatwa. Karatasi hiyo ya RED.0001 ina maana tiketi imeshakatwa?

---

mwinyi_wa_nyaraka

Hapana, tiketi bado. Karatasi hiyo inamwambia kwamba hana ruhusa ya kukaa na kwamba anaweza kuondolewa. Tarehe ya ndege huja kwa karatasi nyingine. Lakini asiiweke kabatini. Mara nyingi ndani yake kuna sehemu inayomtaka aeleze sababu zote za kubaki: hofu mpya nyumbani, mtoto, mwenza, ugonjwa. Akinyamaza leo kisha azitaje akiwa uwanja wa ndege, swali la kwanza litakuwa kwa nini hakusema.

Kuripoti, aende. Kukosa kuripoti ni kuvunja masharti ya dhamana ya uhamiaji (ruhusa ya kuwa nje ya kizuizi kwa masharti), na rekodi hiyo itasomwa na hakimu siku atakayoomba kuachiwa. Kweli, wapo wanaokamatwa wakiripoti. Kwa hiyo aende akiwa amejiandaa. Aandike namba za simu kwenye karatasi: wakili, ndugu mmoja, na kituo chenu. Kizuizini simu yenye kamera inachukuliwa na anapewa simu ndogo. Laini yake anaweza kuitumia, lakini namba zilizohifadhiwa kwenye simu kubwa zinabaki huko. Abebe dawa zake na barua ya daktari. Nakala ya faili lake lote iwe kwa mtu anayeaminika, si chini ya godoro chumbani kwake. Na amwambie mtu saa anayoingia kuripoti. Asipotoka, mtu huyo ampigie wakili siku hiyo hiyo.

Akizuiliwa, aombe mara moja kuandikishwa kwa wakili wa zamu. Kila aliye kwenye kituo cha kuzuilia wahamiaji England ana dakika 30 za ushauri bure, awe na pesa au hana. Dakika 30 zinapita kama upepo: awe na tarehe ya kunyimwa hifadhi, tarehe ya uamuzi wa rufaa, na jambo lipi jipya limetokea tangu hapo, vyote kwenye karatasi moja.

Dhamana huombwa kwa hakimu kwa fomu B1, na kwa kawaida husikilizwa ndani ya siku chache. Kinachowashinda wengi ni anwani. Bila anwani ya kweli ya kuishi hakimu hana pa kumpeleka. Mwenye nyumba aandike barua, aambatishe mkataba wake wa nyumba na bili, na awepo kwa simu siku ya kesi. Mdhamini wa fedha anasaidia, ila atatakiwa kuonyesha kwamba pesa anazoahidi anazo kweli. Msiombe kabla hamjawa tayari: hakimu akishakataa baada ya kusikiliza, ombi jingine ndani ya siku 28 halisikilizwi tena bila mabadiliko makubwa. Na kama tarehe ya ndege iko ndani ya siku 14, hakimu hawezi kumwachia bila Home Office kukubali. Shirika la Bail for Immigration Detainees huandaa maombi ya dhamana bure.

Kuhusu kesi yenyewe, kwa aliyemaliza rufaa kuna mlango wa ushahidi mpya, aya ya 353 ya kanuni za uhamiaji. Vipimo ni viwili: jambo liwe tofauti kwa kiasi kikubwa na yaliyokwisha kuamuliwa, na liwe na matumaini ya kweli mbele ya hakimu mwingine. Hadithi ile ile kwa maneno mazuri zaidi haipiti. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya wakili ni kusoma uamuzi wa 2021, hasa aya ambamo hakimu alisema hamwamini, na kutafuta karatasi inayojibu aya hiyo. Kama faili limepotea, aombe taarifa zake kutoka Home Office. Ni bure, na muda wa kawaida wa kujibu ni mwezi mmoja. Kwa wakili wake wa zamani pia ana haki ya kudai faili.

Mwisho, kwa wanaodhani barua ya wakili inasimamisha ndege: barua ya kabla ya kesi haisimamishi kitu. Ndege husimama Home Office ikiahirisha yenyewe au hakimu akitoa zuio. Kwa hiyo wakili atafutwe wiki hii, kabla ya karatasi ya pili.

---

binti_pwani

Naongeza la makaratasi ya kwetu, kwa familia ya kwanza hasa. Pasipoti ya Tanzania inaweza kuwa na majina matatu na cheti cha ndoa kikawa na mawili; mahali Mohamed, mahali Muhammad. Kwetu hakuna anayeshtuka, kule afisa anaona watu wawili. Liandaliwe kiapo mbele ya wakili huko Dar kikitaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye hati ipi, kabla mtu hajauliza. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichotolewa miaka kumi baada ya kuzaliwa hutiliwa shaka pia. Kisindikizwe na kadi ya kliniki na rekodi za shule za tangu mwanzo.

Na hapa ndugu mkalimani kazi yako halali inahitajika kweli. Kila hati ya Kiswahili iwe na tafsiri kamili, pamoja na mihuri na maandishi ya pembeni. Chini yake utamke kwamba ni tafsiri sahihi ya hati ya asili, uweke tarehe, jina lako kamili, sahihi na namna ya kukupata. Kama muhuri umefifia, andika "muhuri, haisomeki". Usikisie.